Mtu akianguka majini: Uhai wake u mikononi mwa walio chomboni

Kila mwaka shule zinapofungwa mwezi wa Desemba, mimi hupata wagonjwa ambao si wagonjwa. Hapa Ewuaso Kedong, Kaunti ya Kajiado, bahari iko mbali kwa zaidi ya kilomita 500. Hata hivyo, akina mama huja na watoto wao kuniomba tembe za kuzuia kutapika. Wanakwenda Mombasa kwa treni, kisha watavuka Likoni kwa feri na pengine kupanda mashua kwenda kuona samaki. Nikiuliza, "Mama, ni nani kati yenu ajuaye kuogelea?" jibu huwa kicheko: "Daktari, sisi tuogelee wapi?"

Jibu hilo lina ukweli. Neno "ewuaso" kwa Kimaasai ni mto, lakini watoto wetu huujua mto kwa kunywesha mifugo na kwa kuuogopa wakati wa mafuriko. Nanyi wasomaji wa Nairobi, Ngong na Kitengela hamna tofauti kubwa nasi. Wengi wetu hupanda vyombo vya majini bila kujua la kufanya mwenzetu akianguka. Leo tujifunze jambo hilo.

AJALI ZENYEWE

Katika meli kubwa za kitalii duniani, hesabu iliyotolewa na wenye biashara hiyo yaonyesha kwamba kati ya mwaka 2009 na 2019 kulikuwa na visa 212 vya abiria na mabaharia kuanguka baharini. Waliookolewa wakiwa hai walikuwa 48, yaani chini ya mmoja kati ya wanne.

Sisi huku wengi wetu hatupandi meli za aina hiyo, ila maji ni yale yale. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, Mombasa, ilipinduka ikiwa imejaa watu na 272 wakafa, ingawa nchi kavu ilikuwa karibu. Tarehe 29 Septemba 2019, katika kivuko cha Likoni, gari lilirudi nyuma na kutumbukia baharini kutoka kwenye feri. Mama na bintiye waliokuwa ndani walikufa, na ilichukua wapiga mbizi siku 13 kulitoa gari hilo.

KWA NINI MTU HUANGUKA?

Si mawimbi tu. Sababu ya kwanza ni pombe. Mlevi hukalia vyuma vya ukingoni, husimama juu ya kiti apigwe picha, na akishaanguka hana nguvu wala akili ya kujiokoa.

Ya pili ni kulewa na bahari. Mtu anayetapika hukimbilia ukingoni, akainama nje huku kichwa kikizunguka. Chombo kikiyumba, yeye huenda. Tapika ndani ya mfuko, ukiwa umeketi.

Ya tatu ni dawa. Tembe nyingi za kuzuia kutapika huleta usingizi, na zikichanganywa na pombe hulegeza mwili kabisa.

Ya nne ni kifafa. Mwenye ugonjwa huu akishikwa ukingoni au majini huzama bila hata kujua. Asikatazwe kusafiri, ila ameze dawa zake bila kuruka siku, akae ndani, na awe na mtu anayeijua hali yake.

Wapo pia wanaojitupa kwa kukata tamaa. Ukimwona mwenzako amejitenga ukingoni usiku, amenyamaza au analia, usimpite. Mketie karibu, zungumza naye, na umwite mhudumu wa chombo.

MWILI HUFANYA NINI?

Wengi hudhani mtu anayezama hupiga kelele na kupunga mikono. Mara nyingi sivyo. Kinywa kikizama na kuibuka, hapati nafasi ya kuvuta hewa, sembuse kuita. Mikono huyasukuma maji kwa pembeni, kichwa hulalia nyuma, macho hutazama bila kuona. Kwa hali hiyo anaweza kutoweka kabla dakika moja haijaisha, na aliye hatua kumi kutoka kwake asijue.

Chini ya maji hujizuia kupumua mpaka ashindwe. Akivuta pumzi, maji huingia kooni na mapafuni, na oksijeni hupungua katika damu. Hupoteza fahamu, kisha moyo husimama. Ubongo uliokosa oksijeni huanza kuharibika baada ya dakika nne au tano hivi. Msomaji, linganisha dakika hizo na muda ambao meli kubwa huhitaji ili kusimama na kugeuka. Ndiyo maana nasema kwamba uhai wa aliyeanguka u mikononi mwa walio chomboni.

WEWE ULIYE CHOMBONI

1. Piga kelele papo hapo: "Mtu majini!" Rudia mpaka mabaharia wasikie. Usiende kumtafuta nahodha kimya kimya.

2. Tupa kitu kinachoelea: boya, jaketi la kuelea, mtungi mtupu uliofungwa, hata godoro. MV Spice Islander ilipozama tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba, baadhi ya walionusurika walikuwa wameshikilia magodoro.

3. Mnyoshee kidole aliyeanguka na usimwondolee macho hata kidogo. Kichwa cha mtu kati ya mawimbi ni kama nazi. Ukigeuka mara moja umempoteza. Mtu mmoja apewe kazi hiyo tu.

4. Usiruke majini. Anayezama hukamata chochote kilicho karibu, na akikukamata wewe mtazama wawili. Mrushie kamba, mpe mti au kasia, au hata leso ndefu, nawe ukiwa umelala au umejishikilia imara.

5. Piga simu 999 au 112 ikiwa mko karibu na pwani.

WEWE ULIYE MAJINI

Usipigane na maji. Lala chali, masikio yawe majini, kinywa juu, mikono na miguu imekunjuka, upumue polepole. Mwili wenye hewa mapafuni huelea. Hofu ndiyo inayouchosha. Usihangaike kuvua nguo nyepesi, kwani mwanzoni hushika hewa na kukusaidia. Vua viatu vizito tu. Usilikimbize kwa kuogelea chombo kinachoondoka. Subiri, na ukiona watu inua mkono mmoja.

Bahari yetu ina joto, na hilo ni neema. Katika maji baridi ya Ulaya mtu huweza kushindwa kupumua mara tu aangukapo. Mwezi wa Novemba 2022, katika maji yasiyo baridi sana ya Ghuba ya Mexico, abiria mmoja aliyeanguka kutoka meli ya kitalii aliokolewa akiwa hai baada ya zaidi ya saa 15. Lakini hata maji ya uvuguvugu hunyonya joto la mwili, kwa hiyo mwokozi asichelewe.

AKITOLEWA MAJINI

Hapa ndipo wengi hukosea. Nimesikia juu ya watoto walioning'inizwa kichwa chini, na watu wazima waliokanyagwa tumbo "ili maji yatoke". Acheni! Maji yanayotoka hivyo hutoka tumboni, si mapafuni, tena huweza kurudi na kumkaba. Dakika unazopoteza ndizo alizohitaji.

Anachokosa ni hewa. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu chake, tazama kifua. Kama hapumui, mbane pua, funika kinywa chake kwa chako, mpulizie pumzi tano, kila moja mpaka kifua kiinuke. Akiwa bado hajapata uhai, weka viganja viwili katikati ya kifua na ubonyeze kwa nguvu mara 30, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kisha pumzi mbili, kisha 30 tena. Kwa mtoto mdogo tumia mkono mmoja. Povu likitoka kinywani, usipoteze muda kulifuta, endelea. Usiache mpaka apumue au wahudumu wa afya wafike.

Akipumua lakini hana fahamu, mlaze ubavu, mvue nguo zilizoloa, mfunike. Asipewe chai wala chakula. Na hata akiamka na kusema "niko sawa", apelekwe hospitali. Aliyemeza maji kwa mapafu anaweza kuzidiwa saa kadhaa baadaye. Kikohozi kisichokoma, kupumua kwa haraka, usingizi usio wa kawaida, vyote ni dalili za hatari.

KABLA YA KUSAFIRI

Ukiingia chomboni, kwanza tazama jaketi za kuelea ziko wapi, na uulize kama ziko za watoto. Katika mashua ndogo, valisha kila mtoto kabla ya kung'oa nanga. Kwenye feri, shuka garini ikiwa unaruhusiwa; ukibaki ndani, shusha vioo, fungua mkanda, na breki ya mkono iwe imevutwa. Kaa katikati ya chombo, ambako kuyumba ni kidogo, na utazame mbali upeo wa macho. Chombo kikiwa kimejaa kupita kiasi, ngoja kingine. Kuchelewa si kufa.

Mwisho, mfundishe mtoto wako kuelea, hata kama mnaishi Kitengela. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 hivi walikufa maji mwaka 2021, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama zetu.

Yule mama anayeniomba tembe huzipata, kwa kipimo cha kila mtoto. Lakini kabla hajaondoka humwonyesha mkubwa wao, sakafuni pa chumba changu, jinsi ya kupuliza pumzi tano. Nawe mwonyeshe wako leo jioni.