Baba, kwa nini ulingoja alale?

*Shangazi, binti yangu ana miaka minane. Mjomba wake alimletea Game Boy Advance yenye mchezo wa Pokémon FireRed. Kati ya viumbe watatu wa kuanzia alimchagua Charmander, yule wa moto, akampa jina Kibatari kwa ajili ya ule mwali wa mkiani. Nimesoma sana kuhusu mchezo huu, na kwa anayeanza Bulbasaur ndiye bora. Nilimweleza, hakusikia. Alipolala nikaanzisha mchezo upya na kuhifadhi juu ya wake. Kesho yake akamchukua Charmander tena, akamwita Kibatari tena. Nikafuta tena. Sasa anasema mashine ni mbovu na haigusi. Nimshawishi vipi aanze na Bulbasaur?*
*Baba Anayejali, Morogoro*

Hesabu zako za mchezo ni sahihi, baba. Kiongozi wa kwanza wa kumshinda, Brock wa mji wa Pewter, anapigana kwa viumbe wa mawe, Geodude na Onix. Wa pili, Misty, anatumia wa maji. Bulbasaur, yule wa majani, huwapita wote wawili bila shida kubwa, na Charmander hutaabika. Hapo sina ugomvi nawe.

Ugomvi wangu ni kwamba ulingoja alale. Kama uliamini una haki, ungemfutia mchana, mbele ya macho yake, umwambie sababu. Ulijua angelia, ukajua pia kwamba kilio chake kingekuwa cha haki. Halafu mtoto akaja kukuambia mashine imeharibika, nawe ukanyamaza. Sentensi hiyo umeiandika harakaharaka ukakimbilia swali lako. Mimi nimekwama hapo. Binti yako ana chombo kizima mkononi na anakiogopa, kwa sababu baba yake amekisingizia.

Na umeshindwa kuona una mtoto wa namna gani. Alichagua, kikafutwa. Akachagua kilekile, akakipa jina lilelile. Wazazi wangapi wananiandikia wakilia kwamba watoto wao hufuata chochote wanachofanya wenzao! Wako ana msimamo, nawe unaukata usiku kwa ajili ya kiongozi wa kwanza wa mchezo.

Umesoma sana, unasema. Basi umesoma pia kwamba mpinzani wake ndani ya mchezo huchagua mara tu baada yake, na siku zote humchukua yule anayemweza wa kwake. Binti yako akimchukua Charmander, yeye anamchukua Squirtle wa maji. Akimchukua Bulbasaur wako bora, yeye anaondoka na Charmander. Ndivyo ilivyopangwa tangu matoleo ya kwanza yalipotoka Japani mwaka 1996. Hakuna kiumbe kati ya wale watatu ambaye angemwepusha binti yako na kushindwa.

Mwache ashindwe, baba. Mwache Onix amwangushe Kibatari mara tatu, mara nne, akasirike, aitupe mashine kitandani, arudi. Huko mbele kuna tahasusi ya kuchagua, kazi, mwenzi wa maisha, na hasara za huko hazifutiki. Ajifunze kubeba uchaguzi wake sasa, wakati hasara kubwa ni kurudi kwa muuguzi wa Pokémon na kuanza safari tena. Mtoto ambaye kila kosa lake limezuiwa na mzazi hukua akimtafuta mtu wa kumchagulia, na wapo watu wabaya wanaoipenda sana kazi hiyo.

Leo jioni, akiwa macho, kaa naye. Mwambie: mashine ni nzima, mimi ndiye niliyekufutia, mara mbili, nisamehe mwanangu. Usiweke "lakini". Wazee watakuambia mzazi akimwomba mtoto radhi anajivunjia heshima. Sikubaliani nao hata kidogo. Heshima yako itavunjika siku atakapogundua mwenyewe, na atagundua: ataona mchezo haufutiki wewe ukiwa safarini.

Kisha mwachie mashine. Charmander akifika kiwango cha 13 hujifunza Metal Claw, makucha ya chuma yanayoumiza viumbe wa mawe. Magharibi ya mji wa Viridian pia anapatikana Mankey, kima mwenye hasira, wa aina ya wapiganaji, naye huwaweza wale wa Brock. Uyajue hayo, uyanyamazie. Akikuuliza, mwambie moja tu, amalizie mwenyewe.

Nawe ukimtaka sana Bulbasaur, tafuta mashine yako na kaseti yako. Mchezo huo unaruhusu watu wawili kuunganisha waya na kupambana. Ila ujiandae: Kibatari akifika kiwango cha 36 anakuwa Charizard, na moto huunguza majani.