Simtanki lina maji au limekauka? Iulize Raspberry Pi

Kwa mnaomwagilia kwa matone kutoka kwenye simtanki: pampu ikizunguka kavu, sili yake inapata moto na kuungua. Nyanya ziko kwenye maua, wewe unahangaika kutafuta fundi. Leo tujifunze kusoma swichi ya boya kwa Raspberry Pi, ili ujue mapema maji yakiisha.

Pini inasoma nini?
Pini ya kuingiza ina majibu mawili tu: 1 ikiona volti 3.3, na 0 ikiona volti sifuri. Sasa, pini isiyounganishwa popote haisomi 0. Inaelea: mara 1, mara 0, ovyo tu. Dawa yake ni rezista ya kuivuta juu, ambayo tayari imo ndani ya Pi. Programu ndiyo inaiwasha. Baada ya hapo, swichi ikikata, pini inasoma 1. Swichi ikiunganisha, inasoma 0.

Kuunganisha
1. Zima Pi kwanza.
2. Waya mmoja wa boya uweke pini namba 11, ambayo kwenye programu inaitwa GPIO 17.
3. Waya wa pili uweke pini namba 9, yaani GND.

Angalizo: usipeleke volti 5 wala volti 12 za betri ya sola kwenye pini hizi. Utaua Pi.

Programu ya Python

```
from gpiozero import Button
from time import sleep

boya = Button(17)

while True:
    if boya.is_pressed:
        print("Maji yapo")
    else:
        print("Hakuna maji, zima pampu")
    sleep(2)
```

Jina `Button` lisikutishe, boya ni swichi kama kitufe. Lenyewe linawasha ile rezista, na `is_pressed` ni kweli pale pini inaposoma 0.

Hapa ndipo penye pesa yako
Lipange boya hivi: maji yakiwepo, swichi iunganishe. Kwa nini? Siku panya akitafuna waya ukakatika, Pi itasema "Hakuna maji" na utazima pampu. Ukipanga kinyume, waya uliokatika utasomeka kama tanki lenye maji, na pampu itazunguka kavu hadi iungue. Bora kengele ya uongo kuliko pampu mpya.

Kabla ya kufunga tankini, jaribu kwenye ndoo. Acha boya lielee, soma. Limwagie maji yote nje, soma. Kisha chomoa waya mmoja, soma tena: lazima iseme hakuna maji. Boya likielea na Pi ikasema hakuna maji, geuza boya.

Pampu yenyewe usiiunge moja kwa moja kwenye pini, inahitaji rilei na fundi umeme. Hilo ni somo lijalo.