KINYAGO NA UAMINIFU WA WATU

Mtoto wa Kibirichia, kwenye miteremko ya baridi iliyo kaskazini mwa Mlima Kenya, hukua akiziona ngoma ambazo wachezaji wake hawafichi nyuso. Hata zile ngoma ndefu za Wachuka, ambazo mpigaji huzibana katikati ya mapaja, hupigwa na watu wanaotambulikana. Kuchonga vinyago vya kuvaa hakukushamiri kati ya Wameru. Basi mtoto huyo akimwona mchezaji aliyefunika uso, huenda akadhani kwamba ana hila. Yafaa aijue maana yake.

Mfano mzuri ni Wamakonde, wakaao pande zote mbili za Mto Ruvuma. Baadhi yao walikuja Kenya kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na mwaka 2016 serikali ilikubali kuwaandikisha kuwa raia. Kinyago chao huitwa lipiko, na vikiwa vingi huitwa mapiko. Huchongwa kwa mti mwepesi, kikachimbwa ndani ili kichwa kiingie, na mara nyingine hubandikwa nywele za binadamu. Mwili wa mchezaji nao hufunikwa kwa nguo.

Mapiko hutoka hasa vijana wanaporudi kutoka jandoni. Zamani wanawake na watoto waliambiwa kwamba huyo ni mzimu. Kijana aliyepita jandoni ndiye aliyefunuliwa kwamba ndani mna mtu, akaagizwa kuitunza siri hiyo. Hivyo alifundishwa kwamba mtu mzima ni yule awezaye kuaminiwa.

Kinyago pia husema lisilosemeka kwa uso wazi. Wakati wa ukoloni, mapiko mengine yalichongwa kwa sura za Wazungu, na watu wakawacheka bila hofu. Wachewa wa Malawi, Zambia na Msumbiji huigiza tabia mbaya kwa vinyago vya Gule Wamkulu, ngoma ambayo shirika la UNESCO liliitangaza mwaka 2005 kuwa hazina ya wanadamu. Huko Venice, Italia, kinyago kiliwawezesha tajiri na maskini kuchangamana wakati wa sherehe. Sherehe hizo zilififia baada ya Jamhuri ya Venice kuanguka mwaka 1797, zikahuishwa mwaka 1979.

Hata hivyo, Wameru wana sababu ya kuushuku uso uliofunikwa. Mwezi wa Aprili, 1954, serikali ya kikoloni ilipowasaka wafuasi wa Mau Mau mjini Nairobi, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walipitishwa mbele ya watoa habari waliovikwa magunia yenye matundu ya macho. Watu waliwaita gakunia. Kwa ishara ya kichwa tu, gakunia aliweza kumpeleka mwenziwe kizuizini.

Tofauti ya mambo hayo mawili haimo katika mti wala katika gunia. Mchezaji wa lipiko hufichwa kwa idhini ya wazee wake. Wao wamjua, na akikosea watamwuliza. Gakunia alifichwa asipate kuulizwa na wale aliowashtaki. Kwa hiyo, mtu akiona kinyago katika sherehe yoyote, asiulize tu ni nani aliyefichwa. Na aulize pia: aliyefichwa huwajibika kwa nani?