Uteuzi na Maandalizi ya Monolojia kwa Usaili wa Uigizaji: Mtazamo kutoka Lodwar na Kakuma

Utangulizi
Makala hii inajadili namna mwanafunzi wa Turkana anavyoweza kuteua na kuandaa monolojia kwa ajili ya usaili wa chuo cha sanaa. Aghalabu wasaili hutaka vipande viwili vinavyotofautiana, kila kimoja cha dakika moja au mbili.

Ushuhuda na monolojia
Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992. Kijana aliyekulia humo huenda amekwisha kusimulia mikasa ya familia yake mbele ya maafisa mara kadhaa, kwani utaratibu wa kutambuliwa kuwa mkimbizi huambatana na mahojiano. Anapofika kwenye usaili, hushawishika kuisimulia tena. Hata hivyo, ushuhuda hueleza yaliyopita, ilhali monolojia humhitaji mhusika anayetaka kitu sasa hivi kutoka kwa msikilizaji fulani. Isitoshe, kijana huyo ana haki ya kupimwa kwa ufundi wake, si kwa ukubwa wa machungu yake.

Uteuzi
Tuchukue mfano wa Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein. Mwishoni, Kinjeketile akiwa mfungwa, Kitunda anamsihi aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Majibu yake yakiunganishwa, huzaa kipande chenye lengo bayana: kumfanya Kitunda aelewe kwa nini hawezi kukana. Kwa upande wa pili, Meya Sosi katika Mstahiki Meya (2009) ya Timothy Arege ni mwenye mamlaka anayejikweza, na huchekesha bila kukusudia. Tamthilia isomwe yote kabla ya kipande kukatwa.

Maandalizi
Kwanza, amua msikilizaji yuko wapi na ametoka kusema nini. Pili, tia alama pale fikra inapogeuka; hapo ndipo pumzi huvutwa. Tatu, aliyezoea kupaza sauti dhidi ya upepo kando ya mto Turkwel, mjini Lodwar, ajizoeze pia chumbani, kwani jopo huketi hatua chache tu mbele yake. Nne, lafudhi ya Kiturkana, au ya Kiswahili cha Kongo kinachosikika Kakuma, isifichwe kwa kuiga ya Mombasa. Kinachodaiwa ni matamshi yanayoeleweka.

Hitimisho
Jukumu hili ni la wasaili pia. Mwanafunzi kutoka Kakuma asiombwe kisa chake, aombwe mhusika.