Sarafu Imefifia, Ni ya Mfalme Yupi?

Leo somo letu la pesa linatupeleka Uingereza. Tuseme ndugu yako anaishi huko na ana kile kifaa cha kutafutia vyuma ardhini. Mwenye shamba amempa ruhusa, ametoa kisarafu chembamba cha fedha, kipana kama milimita 18, na maandishi yamelika. Tayari kuna mtu anataka kukinunua chapchap. Anakutumia picha: hii ni nini?

Kwanza mwambie asiisugue na waya wa sufuria! Atamaliza hata kile kidogo ambacho udongo ulibakisha. Maji safi yanatosha. Kisha aimulike na tochi ya simu kutoka pembeni, si kutoka juu, ndipo michoro itoe vivuli.

Wengi hukimbilia sura na jina la mfalme. Jina hudanganya. Peni zote za 1180 hadi 1247 ziliandikwa HENRICVS, hata wakati Richard na John ndio walikuwa wanatawala. Geuza nyuma, tafuta msalaba, kwa sababu huo huonekana hata herufi zikiisha.

Msalaba mfupi wa mistari miwili, usiofika ukingoni, ni wa miaka hiyo. Mistari miwili ikifika hadi ukingoni, hiyo ni ya 1247 hadi 1279. Walaghai walikuwa wanakata kingo kuiba fedha, na msalaba mrefu ulifanya wizi huo uonekane. Ukiwa mrefu lakini wa mstari mmoja, na vidoto vitatu kila pembe, ni ya kuanzia 1279, enzi ya Edward I na waliomfuata.

Je, ni kipande tu? Asitupe. Zamani hizo chenji ilipatikana kwa kukata peni nusu au robo, kufuata msalaba.

Uzito uje mwisho. Peni ya Edward I ilikuwa gramu 1.4 hivi, mwaka 1351 ikapunguzwa hadi 1.2 hivi. Ikiwa nyepesi, angalia duara la vidoto la ukingoni. Likiwa zima, haikukatwa, kwa hivyo huenda ni ya baadaye.

Na yule mnunuzi angoje. Sarafu mbili au zaidi za fedha zilizopatikana pamoja, zenye zaidi ya miaka 300, huko ni hazina kisheria. Lazima aripoti ndani ya siku 14 kwa afisa anayechunguza vifo vya ghafla, ambaye, ajabu kidogo, ndiye pia husimamia hazina. Ikiwa ni moja tu, aipeleke kwa afisa wa Portable Antiquities Scheme wa eneo lake, pamoja na maelezo ya mahali hasa alipoitoa.