Programu ya Kuzuia Virusi Haitoshi

Kamati nyingi huuliza: tukishanunua programu ya kuzuia virusi, tumemaliza? Bado. Kazi yake kubwa ni kutambua virusi vinavyojulikana. Siku hizi nyingine huchunguza pia mwenendo wa kutiliwa shaka, lakini kirusi kipya huweza kuziponyoka.

Mei 2017 kirusi WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, zikiwamo za hospitali za Uingereza, kikidai fedha. Tundu la Windows kilimopenyea Microsoft ilikwisha toa marekebisho yake mwezi Machi, wengi hawakuyaweka.

Basi wekeni marekebisho mapema. Orodha ya michango inakiliwe kila wiki kwenye diski ya nje, kisha diski ichomolewe. Ikiachwa imechomekwa, nayo hufungwa.