Mlango wa Kuwatunza Watoto wa Wapiganaji, na Habari ya Mazimbu

Jua, ewe msomaji, ya kuwa mtu atokaye kwenda kupigana huacha nyumbani kwake watu wasiochukua silaha, nao wahitaji kula. Imepokewa kwa Zaid bin Khalid al-Juhani kwamba mwenye kumtengenezea safari mpiganaji, na mwenye kuwaangalia kwa wema watu aliowaacha, wote huhesabiwa pamoja naye. Na Sayyidna Umar, Mungu amridhie, alipoweka daftari ya askari aliandika humo na riziki za watoto. Kwanza mtoto alipewa baada ya kuachishwa ziwa. Hata alipojua ya kuwa akina mama huwaachisha kabla ya wakati ili wapate fungu, akaamuru apewe tangu kuzaliwa.

Mfano wa karibu uko Mazimbu, kando ya mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania ilikipa chama cha ANC shamba la mkonge lililokuwa limeachwa, kwa ajili ya vijana waliokimbia Afrika ya Kusini baada ya mauaji ya Soweto ya Juni 1976. Hapo pakajengwa chuo chenye jina la Solomon Mahlangu, mpiganaji aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Palikuwa na shule tangu ya watoto wadogo hata ya sekondari, na mashamba, na karakana ya samani, na mwaka 1984 hospitali. Akina mama wenye watoto wachanga nao waliwekewa nyumba yao, ikaitwa kwa jina la Charlotte Maxeke.

Mali ilitoka mbali: Uswidi, Norwe, Denmark, Uholanzi. Hata wanafunzi wa shule za nchi za kaskazini ya Ulaya walifanya kazi siku moja, ujira wake wakautoa kwa elimu ya vijana wale. Na huyo kijana atoaye jasho la siku moja, aibu iliyoje kwa tajiri wa mjini ahesabuye senti mbele ya yatima!

Mas'ala. Je, Mwislamu ajuzu kuwasaidia watu kama hao, na wengi wao si wa dini yake? Zaka hapana, kwa madhehebu ya Imamu Shafi, kwa kuwa ina watu wake. Sadaka yajuzu, wala hapana haja ya kurefusha.

Lililo zito zaidi ni hili. Wanaume wa Afrika ya Kusini walioa wanawake wa Kitanzania, na wengine walizaa nao. Mwaka 1992 chuo kilirudishwa kwa serikali ya Tanzania, na majumba yake leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Wenye kuondoka wakaondoka. Wako wake waliofuatana na waume zao, na wako waliobaki na watoto ambao baba zao walikwisha kwenda.

Nafaka ya mke, yaani chakula, nguo na makazi, ikikosekana hugeuka deni juu ya mume. Ijapopita miaka kumi, mke ana haki ya kuidai. Nafaka ya mtoto si hivyo. Siku ikipita bila kulipwa, ya siku ile imekwisha anguka, ila kadhi awe ameruhusu kukopa kwa jina la baba. Basi mtoto hawezi kungoja vita viishe, wala kungoja barua.

Kwa hiyo watu wa mtaa wakitaka kuweka sanduku, bora walitegemeze juu ya wakfu, kama shamba la minazi ambalo asili yake haiuzwi na matunda yake hugawanywa, kwani michango ya vita hukoma vita vikikoma. Majina ya watoto yaandikwe, wapewe kila mwanzo wa mwezi. Na mwenye kutoa anuie tangu mwanzo: ni sadaka, au ni mkopo kwa idhini ya kadhi. Akitoa bila idhini, baba ajapo hana la kumdai.